Kisarume Chetu cha Kibandani

Kwako Nasimiyu, binti yangu uliyebeba jina la mama yangu,

Nakuandikia ukiwa chumba cha pili. Nasikia unavyobishana na mama yako kuhusu ile sweta ya kijani, kama inaingia kwenye sanduku au haiingii. Najua utasema mzee amechanganyikiwa, mtu anaandikiwaje barua na kati yenu kuna ukuta mmoja tu? Lakini wewe wanijua. Nikikuita hapa tuongee nitatia mzaha, utacheka, mama yako atauliza tunacheka nini, na kesho utapanda ndege nikiwa sijasema kitu. Karatasi haina uso. Haiwezi kunichekesha.

Mambo ya pasipoti, chanjo, vyakula vya kuogopa na wanaume wa kuogopa, mama yako ameyasema yote, na aliyoyasahau atayasema kwenye teksi. Mimi huko siingii. Si kwamba sina ya kusema juu ya safari. Mimi ni mtu niliyetembea. Nimefika Kampala, nimefika Mwanza kwa meli, na Mombasa nilikaa mpaka wenyewe wakaanza kuniuliza njia. Ila kwenye ndege sijafika, kwa hivyo huko wewe ndiwe mkubwa wangu, na mkubwa hafundishwi.

Nataka tu nikujibu lile swali lako la Jumapili.

Ulikuwa umeshika paja la kuku. Ukasema, "Baba, wale watu wa Cape Town wameandika tena. Wanataka Kisarume cha ikulu peke yake. Maneno ya kibandani wanasema yanachafua mti."

Mti ni ule mchoro wako mkubwa wa ukoo wa maneno, unaoonyesha neno la zamani likizaa la kati, na la kati likizaa la leo. Ndio uliowafanya wakuchukue. Walikuwa wakitafuta mtu wa kuwatungia lugha ya ufalme fulani wa mchezo wao wa kompyuta, na kumbe huku Dagoretti kuna msichana mwenye lugha yake nzima, hicho Kisarume, aliyoianza akiwa na meno ya utoto. Hiyo habari nimeisimulia kila kibanda kutoka hapa mpaka Adams Arcade. Wengine nimewasimulia mara mbili, na wale wanaonikimbia nimewapigia simu.

Ukaniuliza, "Wewe waonaje? Niyatoe?"

"Mimi?" nikasema. "Toa! Sisi mafundi wa kibandani tulikuwa tunatafuta unga. Ukimweka Oduor kwenye huo ufalme, si kila Jumamosi atakuwa getini kwa mfalme anadai chake?"

Mama yako akacheka mpaka akakohoa. Wewe ulicheka kidogo, ukaliweka lile paja chini, ukasema, "Sawa, baba. Nitawajibu nikifika."

Mimi nimeuza viti maisha yangu yote kando ya Ngong Road. Naijua "sawa" ya mtu anayeondoka. Mteja akikwambia "sawa, nitarudi" akiwa anaangalia barabara, huyo hutamwona tena. Usiku huo sikulala vizuri, nikasingizia kuku.

Basi ngoja nianzie mbali, maana nikienda moja kwa moja nitaanza kuchekesha.

Nilipomwoa mama yako kulikuwa na maneno. Watu wa kwetu Bungoma walisema nimepotea. Watu wake, wenye mashamba na nyumba za kukodisha pale Dagoretti tangu zamani, walisema binti yao ameokota mtu wa kusukuma rukwama. Uongo! Nilikuwa na rukwama yangu mwenyewe. Ulipozaliwa, kila upande ukataka uongee lugha yao. Mimi na mama yako, kwa hekima zetu za vijana, tukapatana: ndani ya nyumba hakuna Kibukusu, hakuna Kikuyu. Asishinde mtu. Mtoto apate Kiswahili na Kiingereza, awe wa Nairobi safi. Tulijiona werevu sana. Nilijigamba hata kwa pasta.

Ukiwa darasa la tatu tukaenda kumwona mama yangu, kukhu wako, ambaye umebeba jina lake. Alikushika mkono akakusalimu "mulembe," mkaelewana hapo tu. Baada ya mulembe ilikuwa ni mimi katikati, nageuza maneno yake kwako na yako kwake. Nikachoka. Wanaume walikuwa nje wananingoja niwaambie habari za Nairobi, na habari za Nairobi bila mimi ni nani angewaambia? Nikatoka. Niliporudi niliwakuta mmekaa kwenye mkeka. Kukhu ananyoosha kidole kwa kikombe anasema kitu, wewe unatikisa kichwa, unasema kitu kingine ambacho si Kiswahili wala Kiingereza wala chochote. Kukhu anakirudia, mnacheka. Mlikuwa mnavipa vitu majina mapya, kwa kuwa ya zamani hayakuwafaa.

Nikasema, "Mama, huyu mtoto anakudanganya, hiyo si lugha."

Kukhu akanijibu kwa Kibukusu, "Wewe ulikuwa nje."

Sikukutafsiria hilo. Nakutafsiria leo.

Tuliporudi Nairobi ukaendelea peke yako. Ukitoka shule unakuja kibandani, unajificha nyuma ya sponji, na hapo ndipo Sarume ikazaliwa, nchi yako ya milima na mito, yenye ikulu na watu wanaoongea Kisarume. Ulikuwa unaandika maneno kwa chaki juu ya fremu za makochi kabla hatujavika kitambaa. Hadi leo kuna makochi kule Loresho yana Kisarume tumboni na wenyewe hawajui. Nikipita huko na pikipiki ya mizigo huwa natazama yale mageti na kuwasikitikia.

Na ulikuwa hutungi ovyo. Nilikuuliza siku moja, "Kwa nini mfalme anaitwa aselum?" Ukanieleza kama mwalimu anayemvumilia mtoto mzito. Selum ni kivuli. Ukiweka a mbele inakuwa mwenye kivuli. Katika Sarume kazi ya mfalme ni kusimama ili watu wapumzike chini yake. Na mto ni dren, na drena ni kuteremka na mto, maana nchi hiyo haina barabara, ukisafiri unateremka na maji. Ndipo mimi niliyeishia kidato cha pili nikaelewa kwamba neno lina mifupa. Unaweza kulivika hiki na kile, lakini ukipapasa utaikuta fremu.

Sasa tuje kwa wizi.

Unajua kazi yetu ilivyo. Mteja akisimama mbele ya kochi, mafundi inabidi wasemezane juu yake yeye akiwa hapo hapo: ana pesa au anapoteza muda, tushushe bei au tukaze. Zamani tulitumia lugha za nyumbani, na hapo ndipo Nairobi inakuumbua. Siku moja nilimwambia fundi mwenzangu Kamau, kwa Kikuyu nilichookoteza ukweni, kwamba huyu mzee tumwanzie juu, anaonekana hajui bei. Yule mzee akavua kofia, akanijibu kwa Kikuyu cha ndani kabisa chenye methali, kisha akaninunulia stuli moja ndogo, ya kuniadhibu. Tukajaribu Kijaluo cha Oduor, tukakuta mteja ni shemeji yake. Hapo ndipo nikafikiria: kuna lugha moja Nairobi nzima ambayo hakuna mteja anayeijua, na mwenyewe anafanya hesabu zake za shule nyuma ya sponji.

Nikawafundisha wenzangu yale machache niliyoshika. Nikawaambia mteja ni aselum, na kushusha bei ni drena. Basi yakaingia vinywani mwa mafundi, na kinywa cha fundi, mwanangu, muda wote kimeshikilia misumari. Aselum ikakatwa kichwa na mkia ikawa selu. Oduor akasema d na r haziwezi kulala kitanda kimoja, akazitenganisha, drena ikawa dirina. Kamau, ambaye l na r kwake ni mapacha, akawa anasema seru. Nasi badala ya kumsahihisha tukaona ni vizuri, tuwe na mbili: selu ni yule anayenunua, na seru ni yule anayekalia kila kochi, anauliza bei ya kila kitu, kisha anaomba maji ya kunywa. Haukupita muda mrefu tukaanza kuitana selu sisi kwa sisi. "Niaje, selu?" "Poa, selu." Mfalme wako akawa kila mtu.

Halafu siku moja akaja yule mama wa Loresho.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye miwani ya kamba, na alikuwa amelikalia kochi la watu watatu kama mtu anayesahihisha mitihani. Nikamwambia Oduor kwa sauti ya kawaida kabisa, "Selu. Dirina?"

Oduor akasema, "Dirina kidogo."

Yule mama akavua miwani. "Mnaongea lugha gani?"

Mimi na mdomo wangu huu: "Ah, madam, hiyo ni lugha ya kwetu. Kule nyuma ya Mlima Elgon, mpakani. Tumebaki wachache sana."

"Wachache wangapi?"

"Watatu," Oduor akasema. "Na wote tuko hapa."

"Ajabu," akasema. "Mimi nimefundisha Bungoma karibu maisha yangu yote. Hiyo sijawahi kuisikia."

Na hapo ukatoka nyuma ya sponji na sare yako ya shule, manyoya ya sponji kichwani kama kuku wa mvua. Ukasema, "Si ya Elgon! Ni yangu. Na wanaiongea vibaya. Si selu, ni aselum. Maana yake mfalme."

"Kwa hivyo mimi ni mfalme?"

"Kwangu ni mfalme. Kwa hawa ni mteja."

"Na dirina?"

Ukanitazama. Nilikukonyeza mpaka jicho likaniuma. Ukasema, "Ni drena. Ni kuteremka na mto. Kwao ni kupunguza bei."

Kamau alijifanya anatafuta nyundo iliyokuwa mkononi mwake. Yule mama akacheka, akajipigapiga goti, akasema, "Basi, baba, njoo tudirine pamoja." Tukadirina siku hiyo mpaka baharini. Faida niliyobaki nayo haikununua hata misumari.

Mimi niliona ni kichekesho tu, na mpaka leo ninakisimulia vizuri kuliko kilivyokuwa. Lakini tukiwa tunatembea kwenda nyumbani hukutaka nikushike mkono. Tulipofika kwa muuza ndizi ukasimama, ukasema, "Baba, nilikupa mfalme ukamfanya mteja."

Nikakujibu papo hapo, "Si wanasema mteja ni mfalme?"

Muuza ndizi akacheka. Wewe hukucheka. Baada ya hapo uliacha kuja kibandani, ukitoka shule unaenda moja kwa moja nyumbani. Na mimi nilijiambia, aah, ni mtoto, atasahau.

Ngoja nikuambie nilichokuwa sijawahi kukuambia juu ya mdomo huu. Nilipofika Nairobi nilikuja na Kibukusu chote, na Kiswahili changu kilikuwa kinapita katikati yake kama mtu anayepita matopeni. Nikifungua mdomo, watu wa kibandani wanaanguka kwa kicheko. B ikawa p, d ikawa t, kila nikisema wananirudia. Nikagundua kwamba nikiwachekesha mimi kwanza, kicheko kinakuwa changu. Nikajifunza kuwahi. Nikawa bingwa, unajua mwenyewe, harusi haiishi bila mimi kushika kipaza sauti. Ni silaha nzuri, imenilisha, imeniolea mama yako. Shida yake ni kwamba haichagui. Mtu akija na jambo lake mkononi, analileta taratibu kama yai, mimi nishafyatua. Kwako nimefyatua mara nyingi. Wewe umerithi pua yangu, na hiyo sina la kufanya, lakini hii haraka ya kucheka, ukiiona inakuja, ihesabie kidogo.

Kilichokurudisha kibandani si mimi. Ni mama yake Oduor.

Ilikuwa likizo, mama yako alikutuma uniletee chakula. Oduor alikuwa ameitwa nyumbani kwao Siaya ghafla, na sote tulijua kwa nini, ila hakuna aliyekuwa amepata habari kamili. Simu ya Kamau ikalia. Akasikiliza, akasema "ndiyo, ndiyo," akaikata, akakaa juu ya sponji. Mimi na wewe tunamtazama.

Akasema, "Mama yake Oduor amedirina."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi. Nilikuwa na randa mkononi, nikaiweka chini.

Wewe ulisubiri mpaka watu wakaanza kuongea tena, ndipo ukamwendea. "Kamau, kwa nini umesema amedirina?"

"Sasa ningesema aje?" Kamau akasema. "Kusema amekufa ni ngumu. Na kufariki ni ya redio. Hii ingine ndiyo ilikuwa karibu."

Ukasimama pale na sufuria ya wali. Kisha ukanijia, ukasema polepole, "Baba, Sarume haina neno la kufa. Sikuliweka."

Hukuliweka kwa sababu ulianza ukiwa mtoto, na katika nchi yako hakuna aliyekuwa amekufa. Una majina ya mawingu ya kila saa, una neno la sauti ya mkuki ukipita, lakini hilo hukuliweka. Na sisi wezi, na misumari yetu mdomoni, tulilibeba neno lako la mto tukaliburuza kwenye bei za makochi, mpaka siku tulipohitaji kitu cha kumsindikiza mama wa mwenzetu ndilo tulilolikuta mkononi. Hatukulitunga. Lilikuwa limekwisha kufika lenyewe.

Siku iliyofuata ulikuja na chaki. Ukatuweka mstari, mafundi wazima na vitambi vyetu, ukatuambia tuseme maneno moja moja. Kamau akajaribu kukupendeza, akasema aselum vizuri kabisa, ukamkemea: "Hapana, sema unavyosema ukiwa na kazi." Nilijivuna siku ile hadi shati likanibana. Ulikuwa umeacha kutusahihisha. Unatusikiliza. Ukachora mti juu ya ubao wa mbao nyororo, tawi la ikulu huku, tawi la kibandani kule, na chini shina moja. Nikakuuliza, "Kwa hivyo sisi si waharibifu?" Ukasema, "Nyinyi ni wajukuu." Nimeambiwa mengi mazuri maishani, mengi nimejiambia mwenyewe, lakini hilo ni la watu wachache.

Yule mama wa Loresho naye alirudi, unakumbuka? Alituletea kochi la marehemu mama mkwe wake tulivike upya. Tukaanza kuvua. Chini ya kitambaa cha kijivu kulikuwa na maua ya waridi. Chini ya maua kulikuwa na mahameli nyekundu iliyopauka mahali watu walipokuwa wakikaa. Chini ya mahameli ilikuwa ngozi bandia iliyopasuka, na ndani kabisa fremu ya mvule, nzima, nzito, na alama za patasi za fundi ambaye huenda hata mjukuu wake amezeeka. Wewe uliokota kila tabaka ukalipanga sakafuni. Ukasema maneno ndivyo yalivyo. Mtu wa leo anakalia kitambaa cha juu, anaona ni kochi jipya.

Nimelifikiria hilo kochi tangu Jumapili. Hao watu wa Cape Town, na nawaheshimu kwa kuwa wamekuona wewe, wanataka fremu na kitambaa cha kwanza. Hawataki mahali palipopauka. Hawataki alama za makalio. Naelewa. Hata mimi nikipiga picha ya kuweka mtandaoni nafukuza watu wote kwenye viti. Lakini kochi la picha ni la picha. Mtu aliyewahi kukaa anajua. Wakicheza huo mchezo wao, wale watu wa ufalme wataongea kwa madaha kama watangazaji, kila neno limepigwa pasi, halafu siku moja mmoja wao atafiwa. Watasema nini?

Hilo ndilo ningekujibu Jumapili kama ningehesabu kidogo kabla ya kufyatua. Niliona aibu, Nasimiyu. Mimi ambaye hujigamba mpaka kwa watu wasiouliza, niliona aibu kusema kwa mtoto wangu kwamba nataka kitu changu kiwemo kwenye kitu chake. Nikaona utadhani nakudandia. Nikaona, msichana anakwenda kukaa na watu waliosoma, atawaambiaje kwamba nusu ya lugha yake imetengenezwa na mafundi watatu waliokuwa wanajaribu kuwapiga wateja bei? Nikakutoa njiani mapema, nikidhani nakusaidia. Ni lile lile la mimi na mama yako, tulipokusafishia ulimi ili uwe wa Nairobi. Ulibaki umekaa kwenye mkeka na bibi yako bila neno la kati yenu zaidi ya mulembe, hadi mkayatunga wenyewe. Tulikuwa tunakupenda. Tulikuwa tunakupangusa kila kitu kilichofanana nasi.

Leo mchana ulipokwenda kuwaaga wenzako, niliwaita Oduor na Kamau. Nikawaambia Nasimiyu anataka sauti zetu, tuseme maneno yote ya kibandani kwenye simu. Samahani, nilikusingizia. Oduor alikwenda kubadilisha shati, kana kwamba simu inaona. Kamau alikunywa maji kwanza. Tukaanza: selu, seru, na yale yote, hata yale mawili ambayo mama yako asiyasikie. Utasikia pikipiki zikipita na yule jirani wetu anayepiga msasa, tulimwomba anyamaze akasema na yeye anatafuta unga. Utasikia pia tukibishana, maana Kamau anadai ni yeye aliyeleta neno la sponji mbovu, na sote tunajua ni mimi.

Tulipokaribia mwisho Kamau akanong'ona, "Na ile ingine? Tuiseme?"

Tukamtazama Oduor. Akaisogeza simu karibu na mdomo wake, akasema yeye mwenyewe, mara moja, bila haraka: "Dirina." Kisha akaniambia, "Zima."

Nimekutumia kwenye simu yako. Usifungue hapa nyumbani, utanitia aibu mbele ya mama yako. Fungua ukifika huko, kabla hujawajibu wale watu. Ukisikiliza na bado ukaona kazi yako inataka sisi tutoke, tutoe, na usilale ukiwaza. Ule mti ni wako, wewe ndiwe uliyeuchora, unajua tawi linalobeba na lisilobeba. Mimi nitajigamba vilevile. Nitawaambia watu lugha yote ni ya binti yangu na mimi nilikuwa nabeba sponji.

Lakini usitutoe kwa sababu baba yako alicheka Jumapili. Uliniuliza nionavyo, na nadhani ulichokuwa unauliza ni kama nataka tuwemo.

Nataka, mama. Nataka sana.

Ni mimi baba yako, ambaye atakubebea sanduku mpaka pale askari watakaponizuia, na hata hapo nitabishana nao kidogo.